Kompyuta ya nyumbani inafungua matangazo yenyewe, antivairasi inasema ni safi. Yamejificha wapi?

#1 KaraniWaNyumbani
Wakuu, habari. Hii ni wiki ya pili kompyuta yetu ya nyumbani (Windows 11, tunaitumia watu wanne) imeandamwa na matangazo. Kuna mambo matatu.

Kwenye kona ya chini kulia kinachomoza kidirisha kinachosema nina virusi vitano, niharakishe kubofya. Nikitafuta kitu kwenye Chrome, naona anwani inaruka mara mbili, kisha natua kwenye injini ya kutafutia ambayo sijawahi kuisikia. La tatu ndilo linaloninyima raha: kinatokea kidirisha cheusi, kufumba na kufumbua kimepotea, halafu ukurasa wa kamari unafunguka wenyewe wala sijagusa kitu.

Nimeskani kwa antivairasi mara tatu. Safi. Nimepitia orodha ya programu moja baada ya nyingine, hakuna nisiyoijua. Naanza kuamini antivairasi ni pambo tu. Mke wangu anafanyia kompyuta hii mambo yake ya benki, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nianzie wapi?

#2 Nyuki7
Piga fomati. Saa mbili umemaliza, unalala usingizi wako. Mengine yote ni kuzunguka mbuyu.

#3 FundiKimya
Mkuu usifomati kwanza. Ulivyoeleza, sioni kama ni tatizo moja. Hayo mambo matatu yanaweza kuwa na vyanzo vitatu, na ndiyo maana ukiskani mara moja huoni kitu.

Anza na kile cha kona ya kulia. Kikichomoza tena usikibofye, kitazame vizuri. Chini ya maandishi makubwa kuna jina dogo la tovuti. Ukiliona, hiyo ni arifa ya kivinjari, wala si programu iliyojificha. Kuna siku mtu hapo nyumbani alibofya "Ruhusu". Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, utazame ni tovuti zipi zimeruhusiwa.

#4 Tausi
Naunga mkono #3. Kwa mama yangu ilikuwa hivyohivyo. Ukurasa ulimwambia abofye "Ruhusu" ili athibitishe kwamba yeye si roboti, akabofya kwa moyo mweupe. Kwa mwezi mzima alikuwa anazima kompyuta kila alipoona onyo la virusi, akidhani anaiokoa. Antivairasi haiwezi kuona kitu hapo kwa sababu hakuna faili lililoingia. Ni ruhusa tu.

#5 KaraniWaNyumbani
Nimefungua. Tovuti kumi na moja zimeruhusiwa! Ninayoijua ni moja tu, ya barua pepe. Nimeondoa kumi. Tangu mchana kona ya kulia imetulia. Shukrani #3 na #4.

Lakini utafutaji bado unaruka, na kidirisha cheusi nimekiona tena saa mbili usiku.

#6 KobeMtandaoni
Hiyo ni DNS, kile kitabu cha anwani kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba za mtandao, na mimi ningeshika ruta kwanza. Watu wanaskani kompyuta hadi inachoka wakati mchawi amekaa kwenye ruta. Mnakumbuka ile programu hasidi ya DNSChanger? Iliwageuzia watu milioni 4 njia zao za intaneti, wakawa wanaona matangazo ya wezi badala ya matangazo halisi. FBI walipozima seva zile mwaka 2011 wote wakabaki bila intaneti.

#7 MwalimuWaZamu
Marekebisho kidogo kwa #6. Waliokamatwa, raia wa Estonia, walikamatwa Novemba 2011, lakini seva hazikuzimwa siku ile. Mahakama iliruhusu ziwekwe seva safi mahali pa zile za wezi, hasa ili watu wasikatikiwe, na zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Idadi ya kompyuta milioni 4 hivi uko sahihi.

Kuhusu ruta kuna jaribio jepesi: chukua simu, iunganishe kwenye Wi-Fi hiyohiyo, tafuta kitu kilekile. Ikirukaruka kama kompyuta, shuku ruta. Isiporuka, rudi kwenye kompyuta.

#8 KaraniWaNyumbani
Simu haina shida. Nimejaribu simu mbili.

#9 KobeMtandaoni
Asante kwa tarehe, Mwalimu. Lakini jaribio lako halinitoi kwenye hoja. Simu nyingi siku hizi zinaweza kutumia DNS yake binafsi na kuiruka ya ruta. Halafu hata kama ruta ni safi, kompyuta inaweza kuwa imewekewa DNS yake kwa mkono. Karani, fungua Command Prompt, andika ipconfig /all, utazame mstari wa DNS Servers. Kisha tazama mipangilio ya proksi, yaani mtu wa kati anayepitisha mawasiliano yako ya mtandao. Proksi ikiwa imewashwa na wewe hukuiwasha, umempata mtu wako.

#10 MwalimuWaZamu
Sawa, hilo la DNS ya simu nalikubali.

Ila mimi kura yangu naiweka kwa viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyoongezwa kwenye kivinjari. Nilikuwa na kimoja cha kugeuza mafaili ya PDF. Kilifanya kazi vizuri mwaka mzima, halafu wiki moja kila nilichotafuta kikawa kinapita kwanza kwao. Sikuongeza kitu wala kubofya kitu. Kilibadilika chenyewe, kwa sababu viendelezi vinajisasisha bila kukuuliza. Wengi hawalijui hilo. The Great Suspender, kiendelezi cha Chrome, ilikuwa inapendwa sana, mwenyewe akaiuza mwaka 2020, na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa na programu hasidi ndani yake.

Fungua chrome://extensions usome ruhusa ya kila kimoja. Kinachoruhusiwa kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona kila unachoandika, benki ikiwemo.

#11 KaraniWaNyumbani
Mwalimu hapo umegusa. Kuna kiendelezi kinajiita msaidizi wa kutafuta, ikoni yake ni lenzi ya bluu. Sikukiweka mimi. Kitufe cha kukiondoa kimefifia, hakibofyeki! Na juu ya ukurasa kuna maandishi kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika langu. Shirika gani? Hii ni kompyuta ya nyumbani.

DNS ni ya ruta, proksi imezimwa. Samahani Kobe.

#12 FundiKimya
Hapo sasa tumeshika mkia. Windows inawaruhusu wasimamizi wa ofisi kuilazimisha Chrome iweke kiendelezi ambacho mfanyakazi hawezi kukitoa. Ni kitu halali kabisa, na watengeneza adiwea, programu za matangazo, wanakiiba hichohicho. Andika chrome://policy. Ukiona mstari wa ExtensionInstallForcelist wenye herufi ndefu zisizo na maana, hizo herufi ndiyo namba ya utambulisho ya kiendelezi chako.

Sera hiyo, yaani amri ya kulazimisha, inakaa kwenye rejista ya Windows, ghala la mipangilio yake: HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na wakati mwingine njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Kabla ya kufuta chochote, hamisha nakala ya ufunguo huo kwenye faili, ukikosea urudishe. Angalizo mbili. Kama kompyuta ni ya kazini, usiguse. Na si kila sera ni ya mwizi: zipo antivairasi zinazoweka sera zao humohumo, kwa hiyo futa ile yenye namba ya lenzi yako tu.

#13 Tausi
Halafu kabla hujawasha upya, zima usawazishaji wa akaunti ya Google kwanza. Mimi niliwahi kufuta kiendelezi mara tano. Kumbe kompyuta nyingine niliyoingia kwa akaunti ileile bado ilikuwa nacho, na kila nikifuta huku kinarudi kutoka kule.

#14 Nyuki7
Siku ya tatu hii. Mimi ningekuwa nimeshamaliza.

#15 SaaMbovu
Nyuki, ukifomati halafu ukaingia kwa akaunti ileile yenye kiendelezi kilekile, umefanya nini? Kinarudi kabla hujaweka picha ya ukutani.

#16 KaraniWaNyumbani
Nimefanya #12 na #13 hatua kwa hatua. Lenzi ya bluu ikatoka, utafutaji ukarudi sawa. Nikafurahi nikaita familia waone. Nikawasha upya, nikaingia, baada ya dakika kama mbili kidirisha cheusi kikapita na lenzi ikarudi. Sera imeandikwa upya, namba ileile. Usawazishaji umezimwa.

#17 SaaMbovu
Basi kiendelezi ni tawi. Kuna kitu kinakipanda upya, na hicho kidirisha cheusi ndicho mkono wake. Mimi naweka Task Scheduler, ile sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba.

Nieleze niliyokutana nayo mwenyewe. Kompyuta ya kaka yangu ilikuwa inafungua ukurasa kila nusu saa, sawasawa na saa ya ukutani. Nikafungua Task Scheduler, nikabofya maktaba upande wa kushoto, nikapanga kwa muda wa mara ya mwisho kuendeshwa. Kulikuwa na kazi yenye jina linalofanana na kisasishi cha kawaida, ila mwishoni ina herufi nne za ovyo. Jina lilinidanganya, nikaipita mara mbili. Kilichoiumbua ni sehemu ya vitendo: cmd /c start, nafasi, halafu anwani ya tovuti. Hakuna kisasishi cha kweli kinachokufungulia tovuti ya kamari. Na ndiyo maana antivairasi ilinyamaza: cmd ni programu ya Windows yenyewe.

Karani, wakati kidirisha kikipita andika saa na dakika. Kisha linganisha.

#18 KobeMtandaoni
Tazama na ikoni unayofungulia Chrome. Bofya kulia, sifa, soma mstari wa mahali inapoelekea hadi mwisho. Unatakiwa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukiendelea na anwani ya tovuti baada ya hapo, ikoni imechezewa. Ya kwenye eneokazi na ya kwenye mstari wa chini ni mbili tofauti, zisome zote. Na faili la hosts pia, linaloweza kugeuza anwani za tovuti, C:\Windows\System32\drivers\etc.

#19 Tausi
Swali kwa wataalamu: kwa nini antivairasi zinaacha haya mambo? Karani alisema ni pambo, na sijaona aliyemjibu.

#20 FundiKimya
Tausi, sehemu kubwa ni sheria, si ufundi. Adiwea nyingi zina masharti marefu ambayo mtu ameyakubali kwa kubofya "endelea". Mtengenezaji anasema wewe uliitaka. Ukimwita virusi anakupeleka mahakamani. Malwarebytes walishtakiwa na Enigma Software mwaka 2016 kwa kuziita programu zao zisizotakiwa, na kesi ikafika mahakama ya rufaa ya Marekani. Kwa hiyo zinawekwa kwenye kundi la "huenda hazitakiwi", na kinga ya kundi hilo wakati mwingine imezimwa. Kwenye Windows Security ingia sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, tafuta ulinzi unaotegemea sifa, washa kuzuia programu za aina hiyo.

#21 SaaMbovu
Kweli, lakini si hilo tu. Baadhi zinajiandikisha zenyewe kwenye orodha ya mafaili ambayo Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ameambiwa asiyaskani. Kama ulimpa kisakinishi ruhusa ya msimamizi, anaweza. Kaangalieni hiyo orodha. Nyumbani kwa kawaida inatakiwa kuwa tupu.

#22 MwalimuWaZamu
Kuna na ya tatu: zilizokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Lenovo walikuwa wanauza kompyuta zenye Superfish, programu ya matangazo, hadi ilipofichuliwa Februari 2015. Ilipachika matangazo ndani ya kurasa, zile zenye kufuli zikiwemo, kwa kuweka cheti chake cha kuaminika ndani ya Windows. Ufunguo wa siri ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na ulivunjwa haraka. Nyuki, hapo hata fomati ya kurudisha hali ya kiwandani ingekurudishia matangazo.

#23 Nyuki7
Mimi nasema fomati ya kuweka Windows safi kutoka kwa Microsoft, siyo ya kiwandani. Nimekuelewa lakini. Na usawazishaji sikuwa nimeufikiria, SaaMbovu umenipata.

#24 Kipepeo_88
Jamani, kwani hakuna kifaa cha kufanya yote haya kwa kubofya mara moja? Nasoma huku kichwa kinauma.

#25 FundiKimya
AdwCleaner, dada. Ni bure, haihitaji kusakinishwa, inaskani ndani ya dakika chache. Malwarebytes waliinunua mwaka 2016, kwa hiyo ichukue kwao. Usitafute jina lake kwenye kivinjari kilichotekwa ukabofya jibu la kwanza! Nimeona mtu akipakua kisafishaji feki namna hiyo, akaongeza adiwea juu ya adiwea. Pakua kwenye kompyuta safi, beba kwa flashi.

Anayetaka kuona kwa undani, Autoruns ya Sysinternals. Inaonyesha kila kinachowaka na Windows mahali pamoja: kazi zilizopangwa, huduma, rejista, vyote. Ficha vilivyosainiwa na Microsoft, yanayobaki ndiyo ya kuhojiwa.

#26 KobeMtandaoni
Autoruns imenikumbusha enzi za HijackThis, kifaa cha zamani cha kazi kama hiyo. Unabandika orodha ndefu ya mistari, watu usiowajua wanakaa usiku kucha wanakusomea mstari kwa mstari. Nilijifunza Windows kwa kusoma majibu yale.

#27 Tausi
Na yule sokwe wa zambarau wa kwenye kompyuta, BonziBuddy! Tulimpenda watoto wote. Anaimba, anachekesha, kumbe yuko kazini kuleta matangazo.

#28 Kipepeo_88
Mimi natumia Mac, kwa hiyo haya hayanihusu, si ndiyo?

#29 MwalimuWaZamu
Yanakuhusu sana. Programu hasidi ya Shlayer ilisambaa kwenye Mac kwa kujifanya kisasishi cha Flash Player. Flash yenyewe ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo ukurasa wowote unaokuomba uisasishe leo unakudanganya. Kwenye Mac tazama wasifu wa usanidi kwenye mipangilio, ndio unaoweza kulazimisha mipangilio kama ile sera ya Chrome. Kama hukuweka wewe na kompyuta si ya kazini, uulize maswali. Kisha folda za LaunchAgents, zenye orodha ya vinavyowaka vyenyewe.

#30 SaaMbovu
Adiwea ya Fireball ya mwaka 2017 ndiyo ilikuwa balaa, kompyuta milioni 250.

#31 MwalimuWaZamu
Hiyo milioni 250 ni hesabu ya kampuni ya usalama ya Check Point. Microsoft waliipinga mwezi huohuo, wakasema imekuzwa mno.

#32 KaraniWaNyumbani
Wakuu nimerudi. SaaMbovu, Mungu akubariki. Jana nilikaa na karatasi. Kidirisha kilipita saa 2:17 usiku, kisha 2:47, kisha 3:17. Kwenye Task Scheduler kuna kazi moja yenye muda huohuo hadi dakika. Inaendesha faili lililo ndani ya AppData\Roaming, kwenye folda yenye jina la herufi tisa zisizosomeka. Na kwenye orodha ya Defender ya visivyoskaniwa, #21, folda hiyohiyo ipo! Kwa hiyo nilimwambia mlinzi akague, na mlinzi alikuwa ameshaambiwa asiingie chumba kile.

Nimeondoa folda kwenye orodha, nimefuta kazi, nimeskani upya, safari hii Defender amepiga kelele mara moja na kuikamata. Sera nimeifuta. AdwCleaner imeokota mabaki mawili. Nimewasha upya mara nne. Kimya.

#33 Nyuki7
Hongera mkuu, kwa dhati. Umevumilia.

#34 FundiKimya
Safi sana. Manenosiri yabadilishwe leo, ya benki kwanza, na yabadilishwe kutoka kwenye simu. Kiendelezi kilikuwa na macho wiki mbili. Na toka kwenye vipindi vyote vilivyo wazi vya akaunti zako, usiishie kwenye nenosiri.

#35 Tausi
Iliingiaje lakini? Mimi nahisi mchezo wa mtoto. Zile nyongeza za michezo zinazokutaka uzime antivairasi kwanza.

#36 MwalimuWaZamu
Au kisakinishi chenye visanduku vilivyotikiwa tayari. Mtu anataka programu moja ya video, anabofya "endelea, endelea", anaondoka na tatu.

#37 KaraniWaNyumbani
Nilidhani mtoto pia, nikamuuliza kwa upole, akakubali kwamba alipakua nyongeza ya mchezo. Lakini kabla sijamfutia folda yake nilitazama tarehe. Mchezo aliupakua siku kumi na sita zilizopita. Folda ya herufi tisa iliundwa wiki tatu kabla ya hapo. Nimemwomba radhi kwa kumshuku.

Yaani hiki kitu kilikaa ndani zaidi ya mwezi, na matangazo tumeanza kuyaona wiki mbili tu.

#38 SaaMbovu
Inawezekana kabisa. Nyingine hukaa kimya makusudi, ili siku utakapoona tangazo ulaumu kitu ulichoweka jana.

#39 KobeMtandaoni
Tarehe ya kuundwa siyo ushahidi wa kufungia kesi. Programu inaweza kuiandika itakavyo. Simtetei wala simlaumu mtoto, nasema tu msiiamini peke yake. Halafu Karani, mpo watu wanne. Umefungua akaunti zote nne za Windows, au yako tu? Kila mtumiaji ana AppData yake na kivinjari chake.

#40 KaraniWaNyumbani
Yangu na ya mtoto. Ya mke wangu bado, na ndiyo ya benki. Naifungua sasa hivi. Nitapanga pia folda ya vipakuliwa kwa tarehe, nione wiki ile kiliingia nini.